Alisi, Dorothy, Lyra au Sunny: riwaya ipi kwa binti anayetaka shujaa wa rika lake?

Mtoto wa kaka yangu anaishi Tabata, yuko darasa la tano, na mwaka huu amemaliza rafu yote ya vitabu vyembamba vya ngano vilivyokuwa nyumbani kwao. Jioni moja alinipigia kwa simu ya mama yake, akaniamkia, kisha akatoa agizo lake bila kuzunguka: "Shangazi, nataka kitabu kinene, chenye msichana anayekwenda mbali mwenyewe, halafu kisiwe na mafunzo mwishoni." Agizo hilo lilinichukua majuma kadhaa. Hadithi za safari na maajabu ni nyingi, lakini katika nyingi anayesafiri ni mvulana, na msichana yumo ili aokolewe au aolewe. Baada ya kusoma na kupunguza nilibaki na riwaya nne, na nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa jiji hili waliokwama kama nilivyokwama mimi.

Vigezo nilivyotumia

Umri unaoandikwa nyuma ya jalada haukunisaidia sana, kwa kuwa watoto wawili wa miaka kumi wanaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Nilijiuliza mambo matano. La kwanza ni lugha na urefu: je, mtoto atakisoma peke yake, au atahitaji mtu mzima kando yake? La pili, ambalo kwangu ndilo zito, ni namna ya ujasiri wa msichana mwenyewe, maana neno hilo moja linafunika mambo mengi: kuthubutu kuuliza, kustahimili, kutumia ujanja, kujikubali. La tatu ni kiasi cha kutisha. La nne ni jinsi kitabu kinavyokaa na imani ya nyumbani, kwani si kila familia ya Kikristo au ya Kiislamu itapokea kwa utulivu hadithi yenye uchawi ndani yake. La tano ni upatikanaji.

Vitabu vyenyewe

Cha kwanza ni hadithi ya Alisi, msichana anayemfuata Sungura Mweupe shimoni na kutokea katika nchi isiyofuata akili ya kawaida. Lewis Carroll, aliyekuwa mwalimu wa hisabati pale Oxford, aliichapisha mwaka 1865 baada ya kuwasimulia mabinti watatu wakiwa kwenye mashua miaka mitatu nyuma. Kiswahili kinaifahamu tangu mwaka 1940, ilipotoka kwa jina la "Elisi katika Nchi ya Ajabu", na mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu". Hiyo mpya ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Cha pili ni "The Wonderful Wizard of Oz" cha L. Frank Baum, cha mwaka 1900, ambamo Dorothy na mbwa wake Toto wanabebwa na kimbunga kutoka Kansas. Cha tatu ni "Northern Lights" cha Philip Pullman, kilichotoka Uingereza mwaka 1995 na kushinda tuzo ya Carnegie ya vitabu vya watoto. Wamarekani wanakijua kama "The Golden Compass". Humo Lyra, msichana aliyelelewa na wasomi wa chuo, anaelekea kaskazini kwenye barafu kumtafuta rafiki yake aliyeibwa. Cha nne ni "Akata Witch" cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2011: Sunny ana miaka kumi na miwili, alizaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinigeria, sasa anaishi Aba, nchini Nigeria, ana ualbino, na anagundua kwamba yumo katika jamii ya siri ya watu wenye nguvu zisizo za kawaida.

Lugha na urefu

Hapa Alisi anasimama peke yake kwa sababu iliyo wazi: ndiye pekee kati ya hawa wanne ninayeweza kumweka mbele yako kwa Kiswahili. Sura zake ni kumi na mbili, na kila moja inatosha kusomwa kwa kikao kimoja kabla ya kulala. Ugumu wake hauko katika urefu, uko katika mchezo wa maneno, kwani mwandishi alijaza humo mizaha ya lugha yake na mashairi ya kuwadhihaki washairi wa wakati wake. Hata hivyo, mtoto aliyezoea vitendawili na "paukwa, pakawa" haoni ajabu watu kubishana kwa maneno tu. Msomaji wangu wa Tabata alikwama mahali ambapo sikupatarajia. "Shangazi," aliniuliza, "mbona Sungura huyu hana ujanja?" Katika ngano zetu Sungura ndiye anayemzidi Fisi na Simba akili, ilhali huyu wa Alisi ni mtumishi mwoga mwenye saa mfukoni, anayetetemeka kwa kuogopa kuchelewa. Tuliliongelea hilo kwa nusu saa nzima.

Dorothy anafuata kwa wepesi. Sura ni ishirini na nne, lakini fupi, na Kiingereza chake kimenyooka: sentensi zinasema kilichotokea, kisha kilichofuata. Mtoto wa darasa la tano au la sita katika shule inayofundisha kwa Kiingereza ataweza kukisoma mwenyewe, na wa shule inayofundisha kwa Kiswahili ataweza kukifuata akisomewa na kufafanuliwa aya kwa aya.

Sunny anahitaji msomaji aliyekomaa zaidi, japokuwa sentensi zake si ngumu. Kitabu kinazidi kurasa mia tatu, na ndani yake kuna maneno ya Kiigbo pamoja na dondoo za kitabu cha kubuni kinachowaelekeza wageni wa jamii hiyo ya siri. Lyra ndiye mzito kuliko wote. Ni kurasa takriban mia nne, zenye msamiati mpana na maneno ambayo mwandishi ameyaunda mwenyewe bila kuyaeleza, akimwachia msomaji ayakisie. Nisingempa mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili, isipokuwa yule anayesoma Kiingereza kwa mazoea, si kwa mitihani tu.

Namna ya ujasiri

Ujasiri wa Alisi ni wa mdomo. Hapigani na mtu, haokoi mtu, wala hana ujumbe wa kupeleka popote. Anachofanya ni kuuliza, kusahihisha na kukataa kukubali jambo lisilo na maana kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Anaanza akilia hadi machozi yake yanakuwa dimbwi la kuogelea. Anamaliza akiwa mahakamani, mbele ya Malkia wa Kopa anayeagiza kila mtu akatwe kichwa, akiwaambia wote kwamba wao ni karata tu. Kwa mtoto mpole, yule ambaye darasani anajua jibu lakini hanyooshi mkono, sijaona mfano bora. Mzazi anayeamini kwamba mtoto hapaswi kumjibu mkubwa atakuwa na lake la kusema, na si vibaya alifikirie kabla ya kununua.

Dorothy ana ustahimilivu. Anataka kurudi nyumbani kwa shangazi na mjomba wake, basi, na kwa ajili ya hilo anatembea nchi nzima akiwa na mtu wa majani, mtu wa bati na simba mwoga. Ushujaa wake haumtokani kwa kujigamba. Simba anapotaka kumng'ata Toto, Dorothy anamkimbilia na kumpiga kofi puani, kisha anamgombeza kama mama anavyomgombeza kijana wa mtaani aliyemwonea mdogo. Huyu ni shujaa mwenye moyo mwema, na wema wake ndio unaomkusanyia marafiki. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba habadiliki sana. Yule anayerudi Kansas ni karibu yule yule aliyeondoka.

Lyra ni mwongo. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza litakalomshtua mzazi na ndilo linalompendeza mtoto. Anadanganya wasomi, watekaji wa watoto, hata mfalme wa dubu, na dubu rafiki yake anamheshimu kwa hilo hadi kumpa jina la Mwenye Ulimi wa Fedha. Papo hapo, yeye ndiye anayeweza kukisoma chombo cha dhahabu kinachosema kweli tupu. Mwandishi ameyaweka mambo hayo mawili ndani ya mtoto mmoja kwa makusudi, na riwaya yote inaishi katika mvutano huo. Ukiwaza vizuri utagundua kwamba Sungura mjanja ambaye mpwa wangu alimkosa kwa Alisi yuko hapa, amevaa koti la manyoya. Lyra ni mwaminifu kwa rafiki hadi mwisho wa dunia, lakini kitabu hakimlipi kwa uaminifu huo kama ngano zinavyolipa.

Sunny anaanza akiwa hajui mahali pake. Shuleni anatukanwa, na katika sura za mwanzo mwalimu anamkabidhi fimbo awachape wenzake kwa insha zao mbovu. Yeye hawezi, na bado wenzake wanamlipizia kisasi baada ya masomo. Mtoto wa hapa hahitaji kuelezwa tukio hilo mara mbili. Ujasiri wake hauji peke yake: anajifunza pamoja na Orlu, Chichi na Sasha, wanagombana, wanapatana, na kila mmoja ana anachokiweza ambacho wengine hawakiwezi. Nilipenda mno wazo moja la riwaya hii. Katika jamii hiyo ya siri, kile ambacho shule inakiita kasoro ndicho chenye kipawa. Orlu, ambaye herufi zinamchanganya anaposoma, ndiye anayeweza kufungua na kutengua nguvu zilizofungwa na wengine. Kila mtu anapojifunza jambo kwa dhati, vijiti vya chuma vinamdondokea kutoka angani na ndivyo fedha yao, na vya shaba vina thamani kubwa kuliko vya dhahabu. Wale wanne hujikuta wakishindania elimu kama wengine wanavyoshindania mali.

Kinachotisha

Kwa Alisi hakuna cha kumkosesha mtoto usingizi. Vichwa vinaamriwa kukatwa katika kila ukurasa wa uwanja wa Malkia, ambako mpira unapigwa kwa shingo ya heroe na mpira wenyewe ni kalunguyeye, lakini hakuna anayekatwa.

Baum aliandika katika dibaji yake kwamba alitaka hadithi isiyo na jinamizi. Kisha akamfanya mtu wa bati akate vichwa vya mbwamwitu arobaini kwa shoka, na mtu wa majani akanyonga kunguru arobaini. Yanapita haraka na mtoto hayatilii maanani. Mimi ndiye niliyesimama nikahesabu. La kuzungumza na mtoto ni ile sehemu ambayo mchawi wa Magharibi anamfanya Dorothy mtumishi wa jikoni, kusugua sufuria na kufagia.

Lyra anatisha kwa namna nyingine kabisa. Katika dunia yake kila mtu ana nafsi yake nje ya mwili, katika umbo la mnyama anayezungumza naye na kamwe haachani naye, na wapo watu wazima wanaowatenganisha watoto na wanyama hao kwa mashine. Kuna mtoto mmoja anayekutwa kibandani baada ya kufanyiwa hivyo, ameshika samaki mkavu kifuani badala ya mnyama wake. Nilikuwa mtu mzima nilipousoma ukurasa huo, nikakifunga kitabu kwanza. Mwisho nao una kifo cha mtoto, na anayehusika si mgeni kwa Lyra.

Kwa Sunny, adui ni mtu anayeteka watoto na kuwakatakata kwa ajili ya nguvu za giza. Mtoto wa nchi nyingine atalisoma hilo kama ndoto mbaya tu. Wa hapa huenda amelisikia redioni. Hilo linatupeleka kwenye kigezo ninachotaka kukaa nacho kidogo.

Uchawi na imani ya nyumbani

Alisi hana uchawi, ana ndoto. Dorothy ana wachawi wabaya na wema, na mchawi mkuu wa kichwa cha kitabu anageuka kuwa mtu wa kawaida anayedanganya kwa vifaa, jambo ambalo nyumba nyingi zitalicheka bila wasiwasi.

Kwa Lyra tatizo si uchawi, ni dini. Mamlaka inayowatesa watoto katika riwaya hiyo imechorwa kwa sura ya kanisa, na makundi ya Wakristo yamekipinga kitabu hicho kwa sababu hiyo. Isitoshe, neno la Kiingereza analolitumia mwandishi kwa yule mnyama wa nafsi linasikika kama jina la shetani, ingawa maana yake ni roho ya mtu mwenyewe. Mzazi anayetaka kijana wake ajadili mamlaka ya dini na wajibu wa dhamiri atapata kitabu chenye uzito. Asiyetaka mjadala huo kwa sasa ana haki ya kuusubiri.

Sunny ana uchawi kuanzia jalada hadi mwisho, na hapa Tanzania jambo hilo lina historia. Watu wenye ualbino nchini mwetu wameuawa na kukatwa viungo na watu walioaminishwa kwamba miili yao inaleta utajiri, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Riwaya inayosema kwamba msichana mwenye ualbino ana nguvu za ajabu inaweza, isiposomwa kwa makini, kusikika kama inakaribia imani ile ile iliyowaua watu. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu. Hoja iliyonituliza ni kwamba katika kitabu hiki nguvu hazimo mwilini mwa Sunny ili mtu mwingine azichukue. Zimo katika kujifunza kwake, yeye ndiye mwenye uamuzi, na anayekata watoto viungo ndiye adui anayepaswa kushindwa. Zaidi ya hayo, Sunny ni mtoto kamili. Anapenda mpira wa miguu lakini analazimika kuucheza jioni kwa kuhofia jua, anagombana na kaka zake, anaogopa, anacheka. Mtoto mwenye ualbino anayeishi Dar es Salaam, anayevaa kofia pana na kukaa dawati la mbele ili aone ubao, hapati mara nyingi riwaya ambamo mtu kama yeye ndiye anayeongoza safari. Kwake na kwa wanaokaa naye darasa moja, kitabu hiki kina kitu ambacho hivyo vitatu haviwezi kukitoa. Ila kisomwe na mtu mzima kwanza, na kisomwe pamoja.

Jina lenyewe nalo linahitaji maelezo: neno la mwanzo la kichwa hicho ni la dharau, wanaloitwa Wamarekani weusi na baadhi ya watu wa Afrika Magharibi, na ndilo wanalomtukania Sunny. Kitabu hicho hicho kimewahi kutolewa pia kwa jina la "What Sunny Saw in the Flames", kwa hiyo ukiliona jina hilo usidhani ni hadithi nyingine.

Upatikanaji

Alisi na Dorothy kwa Kiingereza ni vitabu vya zamani vilivyokwisha muda wa hakimiliki, na unaweza kuvipakua bure kwa simu kihalali. Tafsiri ya Kiswahili ya Alisi ni ya kununua. Lyra na Sunny pia ni vya kununua. Jaribu kuuliza duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) Mtaa wa Samora, na usiwapite wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji bila kuchungulia. Kabla ya kutoa pesa, ingia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohammed, uulize sehemu ya watoto. Kumbuka pia kwamba Lyra ni juzuu ya kwanza kati ya tatu, na haifungi hadithi: atakayeipenda atadai nyingine mbili. Sunny naye ana mfululizo wa vitabu vitatu, lakini cha kwanza kinajitosheleza.

Kwa hali yako

Ikiwa mtoto anasoma kwa Kiswahili, au mnasoma kwa sauti nyumbani mkiwa na wadogo wa umri mbalimbali, anza na Alisi. Atamfaa pia mtoto mkimya na yule anayependa mafumbo. Hatamfaa anayetaka mapigano, kwani atauliza kila baada ya sura ni lini mambo yataanza.

Ikiwa anaanza kusoma Kiingereza kirefu kwa mara ya kwanza na unataka amalize kitabu bila kukata tamaa, Dorothy hatamwangusha, hasa kama ni mtoto mwenye huruma au anayeishi mbali na wazazi wake na nyumbani ni neno analolifikiria mara kwa mara. Kwa huyo wa pili, kaeni naye mnapofika mwisho.

Aliyemaliza darasa la saba, mwenye Kiingereza imara, anayebishana na kila kitu na ambaye familia yake haiogopi maswali kuhusu dini, mpe Lyra. Usimpe kama zawadi ya kumtuliza aliyefiwa karibuni.

Na kwa binti anayetaka kuona Afrika ndani ya maajabu, anayechekwa shuleni kwa sura yake au kwa namna anavyosoma, au ambaye ana rafiki wa namna hiyo, Sunny. Nyumba ambayo habari za uchawi zimeshaleta maumivu ya kweli, iwe kwa kusingiziwa au kwa kushambuliwa, inaweza kukiweka kando kitabu hicho hadi mtoto akue.

Kwa yule wa Tabata nilianza na Alisi, kwa sababu mdogo wake wa miaka sita analala chumba kimoja naye na asingekubali kuachwa nje ya usomaji. Tulimaliza kwa usiku kumi na tatu, mmoja umeme ulikatika. Sasa ameomba Sunny, na mama yake ameomba kitabu kipitie kwake kwanza. Kiko kwake tangu Jumapili, na nimeambiwa amefika katikati na hataki kukirudisha.